Poka ya kwenye tivii: ziba karata kwanza, ndipo uangalie

Julai ya Uyole, hapa Mbeya, wanaoishi huku wanaijua. Ikifika saa mbili usiku baridi imeshashuka kutoka milimani, na mtu hatoki tena nje bila sababu. Usiku mmoja wa namna hiyo, miaka mitatu iliyopita, shemeji yangu aliunganisha simu yake na tivii ya sebuleni akasema, "Shem, leo tuachane na mpira. Njoo uone watu wanavyocheza karata kwa akili." Tukajifunika mablanketi, chai ya tangawizi mkononi, tukaangalia mpaka bando likakata. Kesho yake tukaendelea, na tukaendelea hivyo karibu miezi miwili.

Tangu hapo watu kadhaa wameniuliza kama poka ya kwenye tivii inafaa kuangaliwa. Jibu langu ni ndiyo, tena kwa moyo wote. Ila kuna namna ya kuiangalia, na mimi niliijua kwa hasara.

Kwa asiyeifahamu: poka inayoonyeshwa sana huitwa Texas Hold'em. Kila mchezaji anagawiwa karata 2 anazozificha. Katikati ya meza zinafunuliwa karata 5 za wote, kwanza 3 kwa pamoja, kisha 1, kisha 1 ya mwisho. Kila hatua watu wanaweka kete zao, wanaongeza dau, au wanatupa karata na kujitoa. Mwenye karata 5 bora, kati ya zake na zile za mezani, anashinda. Lakini wote wengine wakijitoa, aliyebaki anazoa kila kitu hata kama hana kitu mkononi. Ndiyo maana mkwara unalipa.

Mashindano makubwa kuliko yote, World Series of Poker, yalianza Las Vegas mwaka 1970, na kwa miaka mingi hayakuwa kitu cha kukalisha watu mbele ya tivii. Ungeangalia nini? Wanaume wamekaa kimya wakisukuma kete. Kilichobadilisha mambo ni kamera ndogo ya kuonyesha karata zilizofichwa. Hataza ya wazo hilo ilipatikana mwaka 1995 na Henry Orenstein, mzaliwa wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi, kisha akahamia Marekani na kufanya biashara ya vitu vya watoto vya kuchezea. Mwaka 1999 watazamaji wa Uingereza walikuwa tayari wanaona karata kupitia kioo kilichowekwa mezani. Kuanzia hapo mtazamaji akawa anajua yote: nani ana ree mbili, yaani karata za juu kabisa, nani anadanganya, na asilimia za kila mmoja kushinda zimeandikwa pembeni.

Hapo ndipo utamu ulipo, na hapo ndipo niliponaswa.

Nenda kwenye kijiwe chochote cha drafti pale Mwanjelwa. Wachezaji ni wawili, watazamaji kumi na wawili, na kila mtazamaji ana la kusema: "Sukuma hiyo!" "Mle, mle!" Mtazamaji wa drafti anaona kile kile anachokiona mchezaji. Akisema "ningekula pale," ana haki ya kusema. Bao ni hivyo hivyo, kete zote ziko wazi. Mtazamaji wa poka anaona asichokiona mchezaji hata mmoja pale mezani, halafu anajiambia kwamba angecheza vizuri kuliko wao. Mimi nilijiambia hivyo kila usiku. "Shemeji, huyu anapiga mkwara, mwone macho yake." Nilikuwa naziona karata zake. Macho yake hayakuniambia chochote.

Nikaenda kucheza. Kulikuwa na chumba nyuma ya duka moja mjini, watu sita, hela mezani, leseni hakuna. Jumamosi mbili tu nikawa nimemaliza hela ya mifuko miwili ya mbolea ya kupandia. Nilimwambia mke wangu baada ya wiki nzima, na ile wiki sitaisahau. Msimu ule kipande cha shamba cha upande wa mtoni kilitoa mahindi ya njano, mafupi, yanayofika kiunoni. Nikipita pale nilikuwa naangalia upande mwingine.

Sikuacha kuangalia poka. Nilichofanya ni kukata boksi la sabuni na kulibandika kwa selotepu kwenye kioo cha tivii, pale chini karata zinapoonyeshwa, na upande zinapoandikwa asilimia. Nikachukua daftari la mwanangu lililoisha. Kila raundi, kabla ya kufunuliwa, naandika: huyu ana nini, na mimi ningefanya nini. Usiku wa kwanza niliandika raundi 40. Nilipatia 9. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na ndilo ushauri wangu mkubwa kwako: ziba, andika, ndipo ubandue. Utashangaa jinsi mchezo unavyokuwa mgumu ghafla, na mzuri zaidi. Utaanza kuangalia nani alianza kuongeza dau, alikaa nafasi gani, kete zake zimebaki ngapi. Zile sura ulizodhani unazisoma utaona hazisomeki.

Kama unaweza, angalia pia vipindi virefu visivyokatwa. Hucheleweshwa makusudi ili mtu asimtonye aliye mezani, lakini utaona raundi baada ya raundi watu wanatupa karata tu. Vipindi vilivyokatwa vinakudanganya. Kupata ree mbili mkononi hutokea kwa wastani mara 1 katika 221. Kwenye video fupi utaziona kila baada ya dakika chache. Na hata ree mbili zikikutana na wafalme wawili, zinashindwa karibu mara 18 kati ya 100. Aliyeshindwa hivyo hakukosea, kwa hiyo usimhukumu kwa matokeo.

Kuhusu hela sina maneno mengi. Mwaka 2023 shindano kuu la Las Vegas liliingiza watu 10,043, kila mmoja kwa kiingilio cha dola 10,000, na zaidi ya 8,000 kati yao waliondoka bila senti. Kamera haiwafuati wale. Mimi sasa nacheza kwa punje za maharage, na vijana wa chini ya miaka 18 nyumbani kwangu wanajua kwamba hata sheria yetu haiwaruhusu kucheza kwa hela.

Ukitaka pa kuanzia, tafuta fainali ya shindano hilo kuu ya mwaka 2003. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyepata nafasi kwa kushinda shindano dogo la mtandaoni, amebaki na Sammy Farha, mcheza kamari mzoefu. Mmoja kavaa kofia na miwani ya jua, mwingine ana sigara isiyowashwa mdomoni. Kuna raundi moja ambapo karata ya mwisho inafunuliwa na Moneymaker anasukuma kete zake zote. Farha anafikiri.

Shemeji hakuwahi kuiona. Mwezi uliopita nilimwekea, boksi likiwa limebandikwa, nikasimamisha video pale pale. Alikodoa macho muda mrefu. "Ana karata tano zote za shupaza huyu," akasema. "Natupa." Nikabandua. Farha alikuwa na jozi ya tisa, akaitupa. Moneymaker alikuwa na mfalme na saba, hata jozi hana.

Shemeji alikaa kimya, chai ikapoa. Kisha akasema, "Rudisha nyuma. Na hilo boksi lirudishe."