Maswali ya Wasomaji: Uso wa Anime Unaoharibika Ukigeuka Upande

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na ninajifunza mwenyewe kuchora wahusika wa anime, zile katuni za Kijapani, kwa kuangalia picha kwenye simu ya kaka yangu. Nikinakili, picha hutoka vizuri hata wenzangu hunisifu, lakini nikibuni mhusika wangu, hasa aliyegeuza uso kidogo, macho hupishana na kichwa huonekana kimebonyea. Je, sina kipaji, au ninunue penseli maalumu?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Penseli usinunue, ile HB ya darasani, raba safi na karatasi zilizochapwa upande mmoja ambazo wenye steshenari huzitupa vinatosha kabisa. Kipaji nacho tukiweke kando, kwa sababu tatizo lako lina chanzo kinachojulikana: anayenakili hufuata mistari ya nje tu, nayo haimfundishi umbo la kichwa kilichomo ndani yake, kwa hiyo kichwa kikigeuka hukosa pa kushika.

Anza na duara hafifu, ambalo ndilo fuvu, kisha uongeze taya linalochongoka hadi kidevuni. Pitisha mstari wa wima katikati ya uso na wa mlalo kwa ajili ya macho. Macho ya mtu halisi hukaa karibu katikati ya utosi na kidevu. Katika anime mara nyingi hushushwa kidogo, na ndiyo maana paji la uso huwa pana na sura ikawa ya kitoto. Wengi wanaoanza huyapandisha, nywele zikakosa mahali pa kukaa.

Uso uliogeuka ndio wenye kazi. Chukua chungwa, ulichoree mistari hiyo miwili kwa kalamu ya wino, kisha uligeuze polepole: utaona mstari wa wima ukipinda na kusogea upande ule uso unakoelekea. Jicho la mbali lazima liwe jembamba kuliko la karibu, ingawa kimo chake hakipungui sana. Nadhani wewe huyachora yote mawili kwa upana mmoja, na hilo peke yake linatosha kuubonyeza uso. Ukimaliza, inua karatasi dirishani na kuitazama kwa nyuma. Kilichokwenda upande utakiona papo hapo.

Mwili hupimwa kwa vichwa: mtu mzima halisi ana takriban 7 na nusu, wale vibonge wa kuchekesha waitwao chibi wana 2 au 3. Chagua kipimo kimoja usikibadilishe.

Macho makubwa yenyewe yalienezwa Japani na mchora katuni Osamu Tezuka baada ya Vita Kuu ya Pili, naye aliyachukua kutoka katuni za Marekani, zikiwemo za Walt Disney, akayafanya yake. Nawe fanya hivyo. Kaa Soko la Mbuyuni, uchore haraka akina mama wanaoinamia mikungu ya ndizi, mabega na migongo kwanza, sura baadaye. Mhusika wako anaweza kusuka twende kilioni. Ichore mistari ya msuko ikifuata mviringo wa fuvu, usihangaike na unywele mmoja mmoja.

Kunakili usiache, ila kila picha unayoipenda, kabla ya kuchora jicho lolote, itafutie kwanza duara lake na mistari yake miwili.