Anza na jani moja: kwa anayeanza kuchora kwa wino wa Kichina

Nilipoanza nilikimbilia milima na mawingu, nikaharibu karatasi mwaka mzima. Walionirudisha njiani ni wanawake watatu wa kale, wachoraji wa Kichina walioshika mimea wakakaa nayo.

Vifaa kwanza, haraka. Brashi moja ya wastani yenye ncha nzuri yatosha. Wino wa chupa si dhambi, ila kusaga wino mkavu kwenye jiwe lenye maji hutuliza mkono. Ubahili usiufanye kwenye karatasi. Tafuta ya xuan, karatasi ya Kichina ya kuchorea kwa brashi, ile mbichi inayonywa wino papo hapo. Mimi nilitoka kwenye penseli, nikazoea kupitia mstari mara ya pili. Kila nilipogusa tena, doa lilivimba. Mstari ukikosewa, uache.

Sasa ua la okidi, na hapa usiwe na haraka. Ma Shouzhen (1548–1604), malenga wa Nanjing, alizichora mpaka akajulikana zaidi kwa jina la Xianglan, na hilo "lan" ndilo okidi yenyewe. Jani la kwanza huwa refu. La pili hulikata karibu na shina, likaacha uwazi mdogo uitwao jicho la feniksi. La tatu hupita katikati ya jicho hilo. Majani matatu tu, nayo yatakula miezi yako. Livute jani kwa bega, si kwa vidole: kandamiza, inua, kandamiza tena, kisha limalizie jembamba. Ukisita katikati, karatasi itakusema.

Kwa Guan Daosheng (1262–1319) jifunze maji. Mchoro wake wa mianzi wa mwaka 1308 uko kwenye Makumbusho ya Kasri ya Taifa, Taipei. Wengi waliichora mianzi kwa karibu, tawi moja na majani yake. Yeye aliipanga vichaka vichaka kando ya maji, ndani ya ukungu. Ukungu huo ni karatasi tupu na wino uliozidishiwa maji. Niliponakili, mwalimu wangu aliuliza swali moja tu: "Ukungu umeuweka wapi?" Nilikuwa nimeziba kila pengo. Siku hizi naanza kwa kuamua pasipochorwa.

Utasikia pia kwamba maua na wadudu ni kazi ndogo ya kike ya kupitishia muda. Anayesema hivyo mtajie Wen Shu (1595–1634) wa Suzhou, kilembwe wa mchoraji Wen Zhengming. Michoro yake iliuzwa, na kaya ikaishi kwa brashi hiyo. Kwake tazama kipepeo alivyo mdogo kando ya jiwe na ua, na nafasi aliyoachiwa ya kuruka. Mdudu mweke mwisho, majani yakishakauka. Mimi niliwahi kumtanguliza, na jani lililofuata likammeza.

Na kila karatasi iandike tarehe nyuma, hata ile unayotamani kuichana.