Kabla hujashangilia ushuru sifuri wa ASEAN

Juzi kijana mmoja wa Mombasa aliniandikia: “Dada, nimeshaamua. Naagiza vipuri China, naviunganisha hapo Malaysia, nauza Thailand. Si ASEAN ni ushuru sifuri?” Alimaanisha jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, Malaysia na Thailand zikiwemo. Moyo ulinidunda. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2021, na yalinitoa machozi.

Wakati huo nilikuwa naandaa makaratasi kwenye kampuni ndogo hapa Malaysia inayounganisha feni za dari, zile tunazoziita pangaboi. Ni kweli nchi za ASEAN zimefutiana ushuru karibu kwenye bidhaa zote, ila bidhaa yenyewe lazima iwe na asili ya huko. Njia tuliyoitumia sisi inataka angalau asilimia 40 ya thamani itoke ndani ya jumuiya, kisha unaomba cheti cha asili, Fomu D. Nikapiga hesabu nikapata 43. Mota nilizihesabu za Malaysia. Tulizinunua Penang, kwa ringgit, na risiti ninayo.

Nilisindikiza mzigo hadi mpakani. Ofisa wa forodha wa Thailand akatoa feni moja kwenye boksi, akalegeza skrubu nne, akanigeuzia mota. Kibati chake kilisema imetengenezwa China. Ukizitoa mota, 43 yangu ilikuwa 28. Fomu ikakataliwa, tukalipa ushuru wote. Bosi alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema huyu Mwafrika hajui hesabu. Neno lile linaniuma mpaka leo. Hesabu nilizijua. Sikujua tu kwamba mahali uliponunua kitu sipo kilipozaliwa.

Machi 2022 Malaysia ikaanza kutumia mkataba wa RCEP, wa nchi kumi za ASEAN pamoja na China, Japani, Korea Kusini, Australia na New Zealand. India ilikwishajitoa mwaka 2019. Humo, mota ya China yenye ushahidi wa asili yake inahesabiwa kama ya ndani. Niliusoma mkataba ule usiku, kifungu kwa kifungu, na mzigo uliofuata ukapita. Leo wenye viwanda wananipigia simu mimi.

Lakini RCEP nayo inashusha ushuru polepole, bidhaa nyingine hadi miaka 20, kwa hiyo linganisha mikataba yote miwili kabla hujachagua. Na fuatilia kila kipuri mpaka kiwandani kilikotoka. Usiridhike na risiti. Muuzaji akisita kukupa karatasi za asili, muache, hata kama bei yake ni tamu. Vijana wenzangu, tunasikia “soko huria” tunakimbilia kukodi kontena, wakati wenzetu wanasoma. Tusome! Kila kipuri, karatasi yake.

Mdogo wangu wa Mombasa, usilipe hata senti kwanza. Nitumie orodha ya vipuri vyako na bei zake, kimoja kimoja. Anza na mota.