Jibu: Kidole gumba hakichezi hata mashine ikifika asilimia 80

Ndugu, umeuliza kwa nini gumba la mgonjwa halichezi unapompima kwa mashine ya TMS, ile inayochochea ubongo kwa mapigo ya sumaku kupitia fuvu. Usipandishe nguvu kwanza. Mara nyingi tatizo ni koili, yaani waya uliozungushwa unaoshikwa kichwani na kutoa pigo. Uga wa sumaku hufifia haraka sana koili inapoachana na fuvu, na fundo la nywele zilizosukwa tu linatosha kukunyima pigo. Kwenye koili ya umbo la nane, kinachotakiwa kugusa kichwa ni pale duara mbili zinapokutana, si ukingo.

Mpini uelekee nyuma na pembeni, nyuzi 45 kutoka mstari wa katikati ya kichwa. Anza upande wa kushoto, kama sentimita 5 kutoka utosini kuelekea sikio, utazame gumba la kulia. Hamisha sentimita 1 kila mara na uache sekunde 5 kati ya mapigo. Bado kimya? Mwambie abane gumba na kidole cha shahada kidogo tu: msuli ukikaza, neva huitika kwa nguvu ndogo zaidi. Ukishapata doa linalochezesha gumba, mkono ulegee kabisa, ushushe nguvu hadi mapigo 5 kati ya 10 yatoe mikrovolti 50 kwenye elektrodi za msuli; nguvu hiyo ndiyo kizingiti chake.

Muulize pia dawa anazotumia; karbamazepini, dawa ya kifafa, hupandisha kizingiti.

Tafadhali usikisie kizingiti. Tiba ya sonona hutolewa kwa asilimia 120 yake, kwa hiyo ukikosea kwenda juu unamsogeza mgonjwa kwenye degedege. Mwenye chuma kichwani au kipandikizi cha sikio asiguswe kabisa. Viziba masikio mvae wote wawili.