Visigino vinanasa shuka

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani. Viganja vyangu vimekauka na kubanduka magamba, hata hariri inanasa kwenye vidole. Visigino navyo vimepasuka. Kila usiku napaka mafuta, lakini wapi! Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Viganja na nyayo havina tezi za mafuta kama sehemu nyingine za mwili, ndiyo maana hukauka upesi. Mafuta unayopaka hayaongezi maji, yanazuia tu yaliyomo yasitoke. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokauka tangu asubuhi, unafunika ukavu. Oga kwa maji ya vuguvugu, jifute kwa kugusagusa, kisha paka mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Visigino vipake krimu yenye urea (kemikali inayolainisha ngozi ngumu), asilimia 10 hadi 25, uvae soksi za pamba ulale nazo. Kwenye mipasuko mibichi urea itakuchoma, hapo tumia mafuta ya mgando kwanza. Na wembe, tafadhali, usikatie magamba ya visigino, uache kwenye nyuzi zako!

Hukuniambia kama ni viganja vyote viwili. Vitazame vizuri. Nyayo mbili zikiwa na magamba na kiganja kimoja tu, mara nyingi huyo ni fangasi, anayetaka dawa yake. Krimu ya steroidi, ile ya kutuliza uvimbe na muwasho, itapoza muwasho huku fangasi akienea. Kama una kisukari, au mpasuko unatoa usaha, nenda ukaonwe wiki hii.