Anayetaka Kuwatetea Wasichana wa Lamu Aanze na Mama Zao

Vijana wanaotaka kuwatetea wasichana huniuliza kwanza habari za wafadhili. Mimi huwaambia wamtafute mama wa msichana, na shangazi, na somo aliyemfunda, kwa sababu hapa Lamu, tangu mtaa wa Mkomani mjini hadi kijiji cha Matondoni, shauri la kumwachisha binti shule au kumrudisha hukatwa ndani ya nyumba, wala haliathiriwi sana na semina za hotelini.

Kazi iliyonifunza zaidi ni ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua. Sera ya Kenya inayowaruhusu kurudi ilianza mwaka 1994 na mwongozo mpya ukatolewa 2020, lakini katika nyumba nyingi nilizoingia hapakuwa na aliyeisikia; mama aliamini kwamba shule imekwisha, na kwa imani hiyo alikuwa tayari kumwoza binti upesi ili aibu isitirike. Usimjibu kwa ukali. Mweleze kwa upole kwamba Sheria ya Ndoa ya 2014 hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuoa wala kuolewa, kisha uulize swali ambalo kwake lina uzito kuliko sheria: nani atakayemshika mtoto wakati binti yuko darasani? Mara nyingi nyanya hujitolea, naye akishajitolea, mazungumzo na baba huwa mepesi. Fuatana nao hadi kwa mwalimu mkuu, kwa maana barua ya kuomba arudishwe isiyo na mtu wa kuisimamia hukaa mezani muhula mzima.

Hali hubadilika ikiwa binti amenajisiwa. Hapo usikubali jambo limalizwe na wazee kwa fidia, hata wakiwa ni watu unaowaheshimu. Afikishwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia Ukimwi hazifai baada ya muda huo, na ripoti ipelekwe polisi. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

Picha za wasichana usizisambaze, hata mfadhili akizidai. Mji wetu ni mdogo, na wanaharakati wengine (nasema kwa uchungu) hupenda kuonekana kuliko kusaidia.

Mikutano ya wasichana nayo iwekwe baada ya sala ya alasiri, chuo cha Kurani kikiwa kimetoka, na imalizike mapema ili wanaorudi Matondoni wafike kwao kabla ya magharibi. Mzazi aliyengoja gizani mara moja hamruhusu tena binti yake kuja.