Uliza Fundi: Hilux inayowaka vizuri pua ikitazama chini

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni muuza samaki, naishi Likoni. Baba alituachia Hilux ya 1994, injini ya dizeli aina ya 3L, nayo ndiyo hunipeleka soko la Kongowea kila alfajiri. Miezi miwili sasa, ikilala nje ya nyumba yetu ambapo barabara inapanda, asubuhi stata huzunguka weee mpaka naogopa betri itakufa. Ikishika inatetemeka na kutoa moshi mweupe. Juzi nililala kwa mama mdogo Mtongwe, nikaiegesha pua ikitazama chini, asubuhi ikashika mara moja. Tena nikitoka kwenye feri, pale pa kupanda kuingia kisiwani, huwa inakohoa. Fundi wa kwanza alinibadilishia betri. Wa pili anataka kushusha pampu ya dizeli, shilingi 45,000. Pesa hizo sina. Nifanyeje?
— Binti wa Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu baba. Pampu isishushwe kwanza. Wewe mwenyewe umeshaupata ugonjwa nusu, kwa kutazama gari limelala vipi.

Hilux hiyo haina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ya injini ndiyo inayovuta dizeli kutoka tangi la nyuma, ikipitia bomba refu chini ya chasisi, halafu filta. Sehemu yote hiyo ni ya kuvuta. Kitu kinachovuta kikitoboka hakivuji nje, kinanyonya hewa. Ndiyo maana utachungulia chini ya gari na usione hata tone. Usiku gari likilala pua juu, hewa huingia mahali fulani, na dizeli yote iliyokuwa njiani hurudi tangini. Asubuhi stata ina kazi ya kuivuta upya. Kwa mama mdogo wako tangi lilikuwa juu ya injini, dizeli haikuwa na pa kurudi. Betri haijui mlima wala mteremko, na plagi za kupasha moto pia hazijui. Ugonjwa unaobadilika kwa namna gari lilivyoegeshwa, mimi huutafuta kwenye njia ya mafuta kabla ya pengine popote.

Kesho alfajiri, kabla ya kugusa ufunguo, fungua boneti. Juu ya filta kuna kitufe cha pampu ya mkono. Kibonyeze. Kikiwa laini, kinazama kama kinabonyeza hewa tupu, hesabu mara ngapi mpaka kiwe kigumu chini ya kiganja. Kikishakuwa kigumu, pasha plagi, piga stata. Gari likishika papo hapo, huna haja ya kubishana na mtu tena: hewa inaingia.

Sasa ni kutafuta inapoingilia. Nunua nusu mita ya mpira mweupe unaoonyesha ndani, kama ule wa mafundi ujenzi wa kupimia maji, wenye unene wa kubana vizuri. Mwambie fundi aufunge kati ya filta na pampu, muwashe gari, mtazame. Vipovu viwili vitatu mwanzoni si neno. Lakini mkiona vinapita mfululizo kama soda, hamisheni mpira ule uwe kabla ya filta. Kabla ya filta ni safi na baada yake kuna vipovu? Basi ni filta yenyewe au mpira wa duara wa ile pampu ya mkono, ambao hukauka na kupasuka. Vipovu vipo hata kabla ya filta? Fuateni bomba kurudi nyuma mpaka tangini.

Na hapa nakuomba usikilize vizuri, kwa sababu ya pwani yetu. Bomba la chuma chini ya chasisi limeshikwa na vibanio vyenye mpira. Mchanga na chumvi hujaa ndani ya vibanio hivyo, na wewe unavuka feri kila siku ukiwa na maji ya samaki yanayochuruzika nyuma. Kutu hula bomba palepale lilipofichwa. Niliwahi kushusha pampu ya pikapu moja kutoka Kilifi, nikaipeleka kupimwa kwenye benchi, siku tatu gari limelala, na pampu ikaonekana nzima. Nilipofungua kibanio cha pili kutoka tangini, kulikuwa na tundu dogo kama la sindano. Nilimrudishia mwenye gari pesa ya kazi, na toka siku hiyo sishushi pampu ya mtu kabla ya kufungua vibanio vyote.

Kagueni pia mipira myembamba iliyofumwa kwa nyuzi, ile inayounganisha nozo (vinyunyizio vya dizeli kwenye injini) moja na nyingine kurudisha mafuta. Ikikauka huingiza hewa gari likizimwa. Bei yake ni ndogo, ibadilisheni yote kwa mpigo.

Fundi wako akishikilia bado kwamba ni pampu, mpe mtihani huu. Achukue kibuyu cha lita 5 chenye dizeli safi, mpira mmoja utoke kibuyuni uingie moja kwa moja kwenye pampu, na ule wa kurudisha umwage humo humo kibuyuni. Kibuyu kiwekwe chini, sakafuni. Wengi hukiweka juu ya boneti, na hapo dizeli hushuka yenyewe, pampu mbovu ikaonekana nzima. Tunataka kuiona ikivuta. Kiache hivyo usiku kucha gari likiwa pua juu, mpira ukiwa umejaa dizeli. Asubuhi likishika kama kawaida, pampu imetoka mahakamani bila hatia, na kosa liko njiani, kuanzia tangini hadi filta yenyewe.

Jambo la mwisho kwako: pitisha kidole kwenye pampu, hasa pale mkono wa eksileta unapoingia. Pakiwa pamelowa dizeli, sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) zimechoka. Tangu Januari 2015 dizeli ya Kenya haizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, na hilo ni jema kwa mapafu yetu, lakini zile sili za zamani zilizozoea dizeli ya kale nyingine husinyaa zikaanza kuvuja. Hilo hutibiwa kwa kubadilisha sili. Mtu asikuuzie pampu nzima kwa ajili yake.

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Naendesha Hiace ya injini ya dizeli aina ya 5L, Changamwe hadi Mariakani. Nikipanda Mazeras na abiria kamili, moshi mweusi unafunika magari ya nyuma na nguvu hakuna. Wenzangu stejini wanasema nichanganye mafuta taa kidogo ili isafishe nozo. Ni sawa?
— Dereva, Changamwe

JIBU: Waaleikum salaam. Si sawa, ndugu yangu, tafadhali usifanye. Pampu ya dizeli ya gari lako haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani. Mafuta taa ni mepesi, chuma kitasuguana na chuma. Uchanganyaji ulizidi nchini hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuuvunja.

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Anza na filta ya hewa. Itoe, ishike kuelekea jua. Mwanga usipopita, umeshapata jibu kwa pesa kidogo. Ikiwa safi, injini ikiwa inanguruma polepole, fundi afungue kidogo nati ya bomba la nozo moja moja kwa spana namba 17, huku amevaa miwani na kitambaa kimefunika nati. Silinda isiyo na kasoro ikikatiwa mafuta, mlio utabadilika na injini itayumba. Ile ambayo ukiifungua hakuna kinachobadilika, toa nozo yake uipeleke kupimwa. Ikitema matone badala ya ukungu, ibadilishwe ncha.

Hili la kufungua nati ni la injini za zamani kama yako tu. Mwenzako stejini mwenye D-4D, injini ya dizeli ya Toyota ya kisasa zaidi, asithubutu: mle dizeli husukumwa kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, na mchirizi wake hupenya ngozi ukaingia mwilini. Aliyepatwa na hilo aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama cha mwiba.